Lualaba: nani anaishi ndani ya mraba wa kibali?

Ramani ya vibali vya migodi ya jimbo la Lualaba inafanana na shuka la viraka. Anayeifungua kwenye intaneti anaona miraba ya rangi imeshonwa bega kwa bega, toka Kolwezi mpaka upande wa Fungurume. Huu ni wa kampuni fulani, ule ni wa Gécamines, mwingine umeombwa tu na unangoja sahihi. Kipimo cha Kadasta ya Migodi ni mraba wa karibu hekta 85, na kila kibali kina namba, tarehe na jina la mwenyewe. Mito inajulikana, barabara ya Likasi inajulikana. Kile ambacho kibali hakisemi ni nani analima mihogo ndani ya mraba, nani amezikwa humo, na wakaaji wanachota maji wapi.

Wasomaji wa riwaya za nchi za kubuni wana mchezo wao wa zamani kuhusu jambo kama hili. Kitabu kinafunguliwa na ramani: milima, misitu, ngome ya mfalme, halafu pembeni karatasi inabaki nyeupe. Basi wanaanza kuulizana, huko kweupe kunakaa nani? J.R.R. Tolkien, Mwingereza aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, alitoa ramani ya namna hiyo mwaka 1954 pamoja na hadithi yake The Lord of the Rings. Mwanawe Christopher ndiye aliyeichora. Upande wa magharibi umejaa majina. Kusini na mashariki ya mbali kuna jina moja moja lililotupwa katikati ya nafasi tupu, na watu wa huko msomaji anawaona zaidi siku ya vita, wakija upande wa adui, wengine wakiwa juu ya tembo. Kuna mahali mmoja wa mashujaa anamtazama askari wa kusini aliyekwisha kufa, anajiuliza aliitwa nani na kwao ni wapi. Kisha safari inaendelea, na jina halipatikani.

Kwa mkaaji wa Kolwezi mchezo huo hauna utamu sana. Nchi yake iliwahi kuwa ile sehemu nyeupe.

Mwaka 1749 Mfaransa Jean-Baptiste d'Anville alichapisha ramani ya Afrika iliyoshangaza watu wa Ulaya. Wachoraji waliomtangulia walikuwa wakijaza katikati ya bara kwa tembo, simba na wafalme wa kusikia. D'Anville alifuta kila kitu ambacho hakuwa na ushahidi nacho. Alikuwa mkweli, na kwa hilo anastahili heshima. Wengine baada yake hawakuweza kuvumilia weupe, hata Mwingereza James Rennell mwaka 1798 akachora Afrika ya magharibi safu nzima ya milima iitwayo Kong, ambayo haipo, na ikabaki kwenye ramani karibu miaka 90. Lakini waliokuja nyuma ya d'Anville waliusoma weupe wake vingine. Yeye alisema «sijui». Wao wakasoma «hakuna mtu», na muda si mrefu «hakuna mtu» ikawa «hakuna mwenyewe». Joseph Conrad, aliyekuja Kongo mwaka 1890 kufanya kazi kwenye mashua ya moshi na kufika hadi Stanley Falls, Kisangani ya leo, aliandika katika kitabu chake cha 1899 kuhusu mtoto aliyependa sehemu nyeupe za ramani kuliko kitu kingine. Mtoto yule hakuuliza wenye nchi wanazipenda namna gani.

Nani basi alikuwa ndani ya weupe ule?

Jibu la kwanza liko ardhini. Kule Sanga, kando ya Ziwa Kisale, ambako mto Lualaba unapita baada ya kuacha milima ya shaba, wachimbuzi wa mambo ya kale walianza kufukua makaburi mwaka 1957. Walikuta watu waliozikwa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, pamoja na vyungu vizuri na mapambo ya shaba, na katika makaburi ya baadaye vile vimisalaba vya shaba ambavyo kila mtoto wa Katanga anavijua. Kisale haina shaba. Ilitoka kusini, kwenye ukanda ambao leo una Kolwezi, Likasi na Lubumbashi. Maana yake, Ulaya ilipokuwa haijui hata jina la mto huu, tayari kulikuwa na mtu anayechimba, mtu anayeyeyusha, mtu anayebeba, na mtu kule ziwani anayelipa. Wafua shaba wa Katanga waliitwa «wala shaba», kwa sababu shaba ndiyo iliyowapa chakula. Walifanya kazi kiangazi, mavuno ya mtama yakiisha, katika tanuru za udongo wa kichuguu, kwa makala ya kuni.

Waluba walikuwa hata na ramani yao. Lukasa ni kibao cha mti kinachoenea mkononi, kimepambwa ushanga na simbi. Mtu wa chama cha Mbudye akipitisha kidole juu yake alisimulia wafalme, safari, na mahali patakatifu. Haikuwa na kaskazini wala kusini kama ramani za Ulaya. Lakini ilikuwa na kitu ambacho shuka la miraba halina: kila alama juu yake ilikuwa na watu.

Upande wa magharibi, Musumba, alikaa Mwant Yav wa Walunda, ambaye kiti chake kingali huko, wilaya ya Kapanga. Kati ya 1802 na 1811 wafanyabiashara wawili Waafrika, Pedro João Baptista na Amaro José, waliotumwa na Wareno, walitoka Angola wakapita kwa Mwant Yav na kwa Kazembe hadi Tete, Msumbiji. Walivuka bara zima miaka mingi kabla ya Livingstone. Na Bunkeya, ambayo leo iko wilaya ya Lubudi, palikuwa mji mkuu wa Msiri, mtu aliyetoka nchi ya Wanyamwezi, Tanzania ya leo, akajenga utawala wa Wayeke juu ya shaba, chumvi, pembe na watumwa. Misafara ilitoka kwake kwenda pwani ya mashariki na pwani ya magharibi. Mmisionari Frederick Stanley Arnot alipofika mwaka 1886 alikuta mji wenye watu wengi.

Na bado mwaka 1885 mfalme Leopold II alikwisha kuiingiza Katanga ndani ya mpaka wa dola lake. Siku hiyo hakuna afisa wake hata mmoja aliyekuwa amekanyaga Bunkeya. Wa kwanza, Paul Le Marinel, alifika mwaka 1891. Kalamu ilitangulia mguu kwa miaka sita. Tarehe 20 Desemba 1891, msafara wa kapiteni Stairs ukiwa Bunkeya, Msiri aliyekuwa amekataa bendera ya Leopold alipigwa risasi na afisa wa msafara huo, Omer Bodson, naye Bodson akafa kwa jeraha alilopata hapo hapo.

Hapa inafaa kuwa waangalifu, maana kuna kosa la upande wa pili. Watu wengi walioumizwa na ramani tupu wanapenda kuijaza paradiso. Wamarekani Stan Lee na Jack Kirby waliibuni Wakanda mwaka 1966: nchi ya Kiafrika iliyojificha, yenye madini ambayo dunia nzima inayataka, na wenyeji wanayamiliki wenyewe. Filamu yake ya 2018 ilipendwa sana, na mtu wa Lualaba anaelewa haraka kwa nini. Wakanda haionekani kwenye ramani kwa sababu Wakanda yenyewe imetaka hivyo. Kolwezi haikuulizwa. Lakini Msiri hakuwa mfalme wa filamu. Aliuza watu, na miaka yake ya mwisho Wasanga walimwasi. Katika sehemu nyeupe ya ramani hawakuishi majitu wala malaika. Waliishi watu wenye mashemeji, madeni na kesi za mipaka ya mashamba, na ndiyo sababu haki yao haitegemei kama walikuwa wema.

Ukoloni ulipoisha, kalamu haikuisha. Mwaka 1975 serikali ya Mobutu ilikubaliana na kampuni ya Kijerumani OTRAG kuipa eneo la kilomita za mraba karibu 100,000 kaskazini mwa Shaba, ili irushe roketi. Ni eneo kubwa mara tatu kuliko Ubelgiji. Roketi chache zilijaribiwa mwaka 1977 na 1978, na mwaka 1979 kampuni ikaambiwa iondoke. Mtu anaweza kucheka leo. Ila ili kukodisha nchi ya ukubwa huo kwa ajili ya roketi, lazima kwanza mtu aketi mbele ya ramani na kuona ni tupu.

Mambo ya leo yana karatasi nzuri zaidi, lakini msingi ni ule ule. Sheria ya ardhi ya 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Sheria ya migodi ya 2002, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, inasema vilivyo chini ya udongo pia ni vya Serikali, na kibali kinatolewa Kinshasa. Katikati ya sheria hizo mbili mkulima wa kijiji ana desturi, kumbukumbu ya wazee na neno la shefu wake. Kwenye mezani ya Kadasta vitu hivyo havina rangi.

Kasulo ni mfano unaojulikana. Ilikuwa kartye ya kawaida ya Kolwezi, nyumba na parseli. Mwaka 2014 habari ya kobalti chini ya kiwanja kimoja ilienea, na baada ya muda watu wakawa wanachimba uani, wengine hata ndani ya vyumba vyao. Mwaka 2017 serikali ya jimbo ilihamisha mamia ya familia, ikazungusha ukuta na kuikabidhi sehemu hiyo kampuni ya Congo Dongfang Mining. Ramani ya mji ilionyesha nyumba na haikuonyesha kilichoko chini; ramani mpya ikaonyesha kilichoko chini, nyumba zikafutika.

Kisha iko Cité Gécamines, mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa kampuni ya taifa, wenye shule na hospitali yake. Amnesty International na shirika la Kolwezi liitwalo IBGDH waliandika juu yake katika ripoti ya Septemba 2023. Walisema karibu watu 39,000 waliishi humo wakati mgodi wa COMMUS ulipofunguliwa tena na kuanza kuusogelea, na kwamba familia nyingi zilitoka kwa fidia isiyotosha kupata nyumba ya aina ile ile. Ripoti hiyo hiyo ilitaja Mukumbi, karibu na mgodi wa Mutoshi, ambako wakaaji walisimulia kuwa makazi yao yalichomwa na askari mwaka 2016. Kampuni ya Chemaf, yenye kibali cha pale, ilikana kuhusika. Mahakama na wachunguzi wana kazi yao hapo. Lakini swali dogo linabaki hata kabla ya kesi: Mukumbi ilikuwa na nyumba ngapi, na nani alikuwa ameziandika kabla ya moto?

Swali hilo ni gumu kuliko linavyoonekana, kwa sababu Kongo ilihesabu watu wake mara ya mwisho mwaka 1984. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo leo ana umri wa kuwa babu. Takwimu zote zinazotajwa sasa kuhusu Kolwezi, mji ulioanzishwa 1937 na kufanywa makao makuu ya jimbo mwaka 2015, ni makadirio. Jimbo linajua tani ngapi za kobalti zinatoka na kwenda kwenye betri za magari ya Ulaya na China. Halijui kwa hakika kuna watu wangapi juu ya kobalti hiyo.

Wanaotetea hali ilivyo wana hoja, na si hoja ya kudharau. Wanasema watu wengi hufika baada ya kibali. Habari ya mgodi ikisikika, kesho yake kuna vibanda vipya na miche ya maembe iliyopandwa karibu karibu, kila mmoja akingoja fidia. Ni kweli, hutokea, na wakaaji wa zamani wa vijiji ndio wa kwanza kulalamika, kwa kuwa pesa yao inagawanywa na wageni wa jana. Lakini hoja hiyo inageuka dhidi ya wanaoitoa. Kama hakuna aliyechora nani alikuwepo kabla, hakuna anayeweza kusema nani amekuja baadaye. Ramani ya wakaaji yenye tarehe, iliyofanywa kabla ya kibali kutiwa sahihi, ingemlinda mwenye shamba na ingeilinda kampuni pia.

Hoja ya pili inauma zaidi. Katanga inajua kile ambacho orodha ya watu inaweza kufanya. Mwaka 1992 na 1993 familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Likasi na Kolwezi, watu waliozaliwa hapo, ambao baba na babu zao waliletwa na Union Minière kufanya kazi. Walilala stesheni za treni wakingoja mabehewa, na wengi walikufa. Anayeomba ramani ya «nani anaishi wapi» bila kukumbuka siku zile anacheza na kiberiti. Kesho atatokea mwanasiasa, ataichukua ramani hiyo na kuandika juu yake wenyeji na wageni.

Hiyo si sababu ya kuacha weupe ulivyo. Ni sababu ya kuchagua nini kichorwe. Kinachohitajika si ramani ya makabila. Ni ramani ya matumizi: shamba hili linalimwa, kisima hiki kinanywewa, hapa ni makaburi, hapa ni shule, hii ni njia ya kwenda mtoni. Mtu wa Kasai aliyelima miaka 20 na Msanga aliyezaliwa kando yake wanachorwa kwa alama moja, alama ya jembe. Wachimbaji wa mikono nao wachorwe mahali wanapochimba. Mwezi Juni 2019, machimbo yaliporomoka ndani ya eneo la Kamoto Copper Company na kuua watu wasiopungua 36; kwa kibali hawakuwa na nafasi pale, kwa hiyo kwenye karatasi hawakuwepo mpaka walipofukuliwa.

Wala jambo lenyewe si geni kwa sheria ya Kongo. Amri ya serikali ya tarehe 2 Agosti 2014 juu ya misitu ya jamii inaruhusu kijiji kuomba msitu wake wa desturi, hadi hekta 50,000, na ombi linaambatana na ramani ambayo wakaaji wenyewe wameshiriki kuitengeneza: wazee wanatembea mpaka kwa mpaka, vijana wanabeba simu yenye GPS, majirani wanaitwa washuhudie. Kama mkaaji wa msitu anaaminiwa kuchora, mkaaji wa juu ya shaba amekosa nini? Pengine ni kwamba mti una bei ndogo.

Na pesa imo. Sheria ya 2018 inatoa asilimia 15 ya mrabaha kwa maeneo ya utawala ambako mgodi upo, na juu ya hiyo kila kampuni inayochimba inapaswa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa ajili ya maendeleo ya jamii zinazoguswa na mradi. Jamii zipi? Kijiji kipi kimo na kipi kimebaki nje kwa mita 200? Sasa hivi orodha inategemea nani aliitwa mkutanoni. Kijiji ambacho hakimo kwenye ramani hakina kiti, na asiye na kiti hapati chochote, hata kama vumbi la malori linaanguka kwenye bukari yake kila siku.

Kuanza hakuhitaji mashine kubwa. Kila shefu wa kartye ya Kolwezi ana daftari lake na fomu za parseli. Shefu wa kijiji anajua kwa kichwa nani analima bonde lipi, na mwandishi wake anaweza kuyaandika kwa wiki chache. Serikali ya jimbo inaweza kuyakusanya madaftari hayo, kuyatembelea mashamba na wenyewe, kuyatia tarehe na kuyapeleka Kinshasa, nayo Kadasta iyaweke juu ya ile miraba yake, kwanza kwenye vibali vinavyoombwa na ambavyo bado havijatiwa sahihi. Hivyo ndivyo rahisi zaidi, maana hapo bado hakuna mtu wa kuhamishwa.